Mawinga wa Habari

Pale Msimbazi, hatua chache kutoka kituo cha mwendokasi, kuna meza ya magazeti ambayo asubuhi huzungukwa na watu kama meza ya karata. Wasomaji ni wengi, wanunuzi wa kuhesabu. Msukuma mkokoteni anasimama dakika mbili, mikono nyuma, maana ukigusa umenunua. Anasoma vichwa vya habari, anatikisa kichwa, anarudi kwenye mkokoteni wake. Muuza kahawa naye anapita akigongagonga vikombe, anachungulia, anakwenda zake.

Juzi nilisimama nao. Magazeti sita yalikuwa yametandazwa mbele, na kwenye matano alikuwepo mkubwa yuleyule, katika picha iliyopigwa kutoka upande uleule, akikata utepe uleule. Hili liliandika azindua, lile apongeza, jingine amwaga mabilioni. Nikamuuliza muuzaji nichukue lipi. Hakuinua hata macho kwenye chenji aliyokuwa akihesabu. "Chukua lolote mzee wangu. Yote yametoka stoo moja."

Nimefanya kazi kwenye vyumba vya habari vya jiji hili kwa miaka mingi, na sijawahi kutukanwa kwa adabu kiasi kile.

Kariakoo wana neno la mtu wa aina yetu. Ukishuka pale ukaonekana mgeni, hujamaliza hatua kumi winga keshakushika. "Bosi, unatafuta nini? Mapazia? Viatu? Simu? Twende nikupeleke bei ya jumla." Anakubebea mfuko. Anakuonya juu ya matapeli, anakuambia mtaa huu usinunue, mtaa ule wanauza feki. Mnavuka Mtaa wa Kongo mkikwepa mikokoteni, unaingizwa kwenye duka ambalo si lake, anaongea na mwenye duka kwa jicho tu, na bei unayotajiwa tayari ina cha juu chake ndani. Unatoka unamshukuru.

Sina ugomvi na winga. Anatafuta ugali, na mtu yeyote aliyekaa Dar miezi mitatu anajua winga ni nani na anakula wapi. Ugomvi wangu ni na winga aliyevaa kitambulisho cha mwandishi wa habari shingoni, anayemshika mwananchi mkono akisema twende nikupeleke kwenye ukweli, na njia nzima anaongea kwa jicho na mwenye duka.

Zamani tatizo la taaluma yetu liliitwa kanjanja. Kanjanja alikuwa mtu wa kudandia: hana gazeti, hana kamera, ana kalamu moja na njaa mbili, anazuka kwenye kila mkutano wenye chakula. Tulimcheka, tukamfukuza mlangoni. Serikali nayo ilimpenda sana kanjanja, kwa sababu kila ilipotaka kutubana ilisema inamtafuta yeye. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ikaja na Bodi ya Ithibati, na masharti ya elimu, na vitambulisho vya kukubaliwa na kufutwa. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Bodi hatimaye ikaanza kazi. Vema, itapima vyeti. Lakini yule anayelipaka rangi jina la wakubwa kila asubuhi anacho cheti, tena cha chuo kikuu. Siku hizi mtaani wanamwita chawa. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakutuambia la kufanya siku chawa mwenyewe atakapojisifu kwamba ni chawa, akaliweka neno hilo kwenye wasifu wake kama cheo.

Watu wakizungumzia uhuru wa habari Tanzania hutaja kwanza bunduki na kufuli. Ni haki yao, vyote vimekuwepo. Gazeti la Mawio lilifungiwa miaka miwili Juni 2017, MwanaHalisi miaka miwili Septemba mwaka huohuo, Raia Mwema siku 90, Tanzania Daima siku 90. Lakini kufuli unaliona. Unaweza kulipiga picha, ukalipeleka mahakamani, ukalihesabu. Ninachosema mimi ni kwamba tumepoteza zaidi kwa kukaribishwa kuliko kwa kufungiwa. Ushahidi wangu mkubwa ni mtu mmoja na mgomo mmoja.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 17 Machi 2017, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia kwenye jengo la Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Chanzo kilikuwa kipindi kilichoandaliwa juu ya Askofu Gwajima ambacho hakikurushwa. Kamera za ulinzi za Clouds zilimchukua, na picha zile tuliziona sote. Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliunda kamati ya watu watano. Lakini Jumatatu, kamati ikiwa bado kazini, Rais Magufuli alisimama Ubungo kwenye uwekaji wa jiwe la msingi la barabara za juu akamwambia mkuu wa mkoa achape kazi. Jumatano kamati ilileta ripoti, na Alhamisi Nape hakuwa waziri tena. Alipokwenda kuongea na waandishi hotelini, mtu aliyevaa kiraia alimtolea bastola mchana kweupe, mbele ya kamera zetu. Ijumaa, akimwapisha waziri mpya, Rais akawaonya wenye vyombo vya habari kwamba uhuru wanaodhani wanao haufiki kiwango hicho.

Wiki ile nilijivunia kuwa mwandishi wa habari. Jukwaa la Wahariri lilitangaza kwamba shughuli za mkuu yule wa mkoa hazitaandikwa, na klabu ya waandishi wa Dar es Salaam ikasimama nalo. Hapakuwa na mkutano, hapakuwa na picha. Mtu aliyezoea kuamka na kujikuta ukurasa wa mbele akafungiwa ukurasa wa mbele. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi tulikumbuka kwamba sisi ndio wenye duka.

Ule mgomo haukuvunjwa kwa risasi wala kwa amri. Uliyeyuka. Huyu alituma mtu kimyakimya kwa sababu mshindani wake alikuwa na habari. Yule alisema si yeye tunayemwandika, tunaandika mkoa. Mwingine alikuwa na tangazo la ofisi fulani linalosubiri malipo. Aprili 2018, mwaka mmoja na ushei baada ya usiku ule, mkuu wa mkoa aliwaita kina mama waliotelekezwa na waume waje ofisini kwake na watoto. Mamia walifika, wamebeba vichanga juani. Kamera zilikuwepo zote. Kina mama wale walistahili kuandikwa, sipingi. Nasema tu kwamba wahariri waliosema hawatamwandika walimwandika, na hakuna aliyejisumbua kumweleza msomaji lini neno lao lilikwisha.

Sasa sikiliza mwisho wa hadithi. Novemba 2025, liliposomwa baraza jipya la mawaziri, mtu aliyeingia na askari kwenye kituo cha utangazaji alitajwa kuwa naibu waziri wa wizara inayosimamia habari. Kama ningekuwa mtunzi wa tamthilia ningeukata mkasa huu, watazamaji wangesema nimezidisha chumvi. Aliyemteua ana mamlaka ya kuteua. Mimi nawauliza wenzangu: nani kati yetu, akiwa na kinasa sauti mkononi, amesimama mbele yake akamuuliza juu ya usiku wa tarehe 17 Machi? Pongezi nimezisoma, na picha za kushikana mikono nimeziona.

Ukitembea kutoka pale Msimbazi kuelekea Mnazi Mmoja utakuta Mtaa wa Lumumba, ambako CCM ina ofisi yake ndogo. Enzi za Mwingereza uliitwa New Street, na hapo ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishitakiwa kwa aliyoyaandika kwenye Sauti ya TANU dhidi ya maofisa wa kikoloni, akatiwa hatiani, akapigwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Miaka hiyohiyo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Makange na Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Nchi hii basi ilianzishwa na watu waliopelekwa kizimbani kwa sababu ya gazeti, na hilo wanafunzi wa uandishi hufundishwa kwa fahari.

Hawafundishwi sana yaliyofuata. Februari 1970 serikali ililitaifisha gazeti la The Standard, na Rais mwenyewe akawa Mhariri Mkuu kwa cheo. Kazi ya kila siku alipewa Frene Ginwala, mwanamke wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na gazeti likaahidiwa uhuru wa kukosoa. Mwaka 1971 aliandika tahariri ya kulaani mauaji ya wakomunisti yaliyofanywa na utawala wa Nimeiry huko Sudan. Akaondolewa. Miaka 23 baadaye, mama huyohuyo aliyekuwa mgumu mno kwa meza ya uhariri ya Dar es Salaam akawa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Kusini huru. Mwaka 1976 ikatungwa Sheria ya Magazeti, ikiwa na uchochezi uleule wa mkoloni ndani yake, chini ya rais yuleyule aliyelipa faini ya mkoloni. Nasema hivi nikimheshimu Mwalimu. Ila heshima isinizibe mdomo, maana huko ndiko tulikoanza.

Halafu kuna Mkapa. Alihariri The Nationalist na Uhuru, akahariri Daily News, mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais, 1976 akaanzisha shirika la habari la Shihata, 1977 akawa waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1995 akaingia Ikulu kama mwenye nyumba. Alikuwa na kalamu kali na kichwa kizuri, hilo sitamnyima. Lakini angalia ngazi aliyoiacha imeegemea ukutani. Vizazi vya vijana wa vyumba vya habari vimeitazama na kujiambia kwamba kumbe dawati la mhariri ni kituo cha basi: unakaa hapo ukingoja linalokwenda Ikulu ya Magogoni.

Na mabasi yamekuja. Salva Rweyemamu, mmoja wa watu waliolijenga Rai, gazeti lililotetemesha wakubwa miaka ya tisini, alikwenda kuongoza mawasiliano ya Ikulu wakati wa Kikwete. Gerson Msigwa alitoka TBC akafuata njia hiyohiyo wakati wa Magufuli, kisha akawa msemaji mkuu wa serikali. Jerry Muro, ambaye tulimjua kwenye televisheni akifichua rushwa za barabarani, mwaka 2018 akawa mkuu wa wilaya ya Arumeru. Wapo wengine, mikoani na wilayani. Hawajavunja sheria yoyote, na serikali inahitaji watu wanaojua kuandika sentensi. Wasiwasi wangu hauko kwa aliyeteuliwa, kwa sababu yeye angalau ametoka, amevaa kofia yake hadharani, na ukimsoma unajua unamsoma nani. Wasiwasi uko kwa mia moja waliobaki wakingoja mkeka.

Mkeka, kwa msomaji wa ng'ambo, ni orodha ya uteuzi. Unatoka usiku, unasambaa kwenye simu, na asubuhi chumba kizima cha habari kinajua nani kapata na nani kakosa. Mtu anayengoja jina lake kwenye mkeka hahitaji kupigiwa simu na usalama. Anajihariri mwenyewe. Anaandika "changamoto" mahali palipohitaji neno "wizi". Anamhoji waziri swali la kwanza, "Mheshimiwa, tueleze mafanikio," na la pili, "Wananchi watarajie nini?" Yupo mhariri niliyemfahamu ambaye alikuwa na suti moja nyeusi ikining'inia ofisini nyuma ya mlango, imefunikwa nailoni ya dobi. Tulikuwa tukimtania kwamba ni suti ya kuapishwa. Naye alicheka. Lakini hakuipeleka nyumbani.

Nisijitoe. Hata mimi nimekula.

Mwaka sitautaja, wala ofisi. Ulikuwa mkutano wa wadau kwenye hoteli moja kule Posta, sambusa na chai ya maziwa, mabango ya kusimama pembeni, na afisa habari mwenye kicheko cha karibu aliyetuita sote "kaka" na "dada". Mkubwa alisoma hotuba. Wakati wa maswali akasimama mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga juu ya gauni, akasema anakaa Jangwani, na kwamba mtaro waliousifia kwenye hotuba ndio unaomwagia maji chumbani kwake kila masika. Godoro la wanawe amelitupa mara mbili. Mkubwa akamjibu kwa utani. Ukumbi ukacheka. Mama akakaa akiwa bado ameshika kipaza sauti, kijana akaja kukichukua mkononi mwake.

Niliandika maneno yake yote kwenye daftari. Watu walipoanza kutoka, afisa habari akasema kwa sauti ya chini, "Waandishi mbaki kidogo." Kila mwandishi wa nchi hii anaijua sentensi hiyo. Tulibaki. Ikapitishwa karatasi ya sahihi, kisha bahasha za kaki. Yangu ilikuwa na noti tatu za elfu kumi. Ikaitwa nauli. Nilipanda daladala hadi ofisini, nikafungua daftari, nikaandika habari nzuri sana juu ya mtaro. Yule mama hayumo. Hakuna aliyeniambia nimtoe. Hakuna aliyenipigia simu, mhariri wangu hakujua kama alikuwepo, mkubwa yule hakulijua hata jina langu. Nilimtoa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu kidole kilipofika kwenye aya yake nilikumbuka kicheko cha afisa habari na nikaona nitakuwa nimemkosea adabu.

Hapo ndipo mnapotukosea mnaodhani bahasha inanunua habari. Ingekuwa inanunua, tungeweza kupanda bei au kukataa. Bahasha inafanya jambo baya zaidi: inakufanya mgeni wa nyumba. Na Mswahili aliyelelewa vizuri hamsemi vibaya mwenyeji aliyemkaribisha chakula.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa niwaonee huruma, maana mkono mtupu haulambwi. Waandishi wengi wa mikoani na hata hapa mjini hawana mkataba, wanalipwa kwa habari iliyotoka, na mara nyingine hata hiyo hailipwi kwa wakati. Bila nauli ya mwenye shughuli hawafiki kwenye shughuli. Ni kweli tupu, na aibu yake ni ya wenye magazeti. Wenye magazeti nao ndio wakubwa haohao: Rai la wakali wa miaka ya tisini liliishia mikononi mwa Rostam Aziz, mbunge na mweka hazina wa CCM, na kampuni iliyochapa Tanzania Daima ilikuwa ya Freeman Mbowe wa CHADEMA. Upinzani pia una chawa wake, msidhani nimesahau. Mwandishi anayelala na namba ya simu ya katibu wa chama cha upinzani chini ya mto anafanya kazi ileile ya uwinga, duka tu ndilo tofauti.

Lakini umaskini hauelezi yote. Azory Gwanda naye hakuwa na mkataba. Alikuwa mwakilishi wa gazeti la Mwananchi kule Kibiti, akiandika juu ya viongozi wa vijiji na askari waliokuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine katika wilaya ile na za jirani. Tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa na watu waliofika kwa gari, na hajaonekana tena. Daudi Mwangosi wa Channel Ten hakuwa tajiri alipouawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, akizungukwa na polisi; askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Watu wale walikuwa maskini kama sisi. Walisimama tu mahali pengine.

Julai 2019 aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC maneno yaliyoeleweka kwamba Azory amefariki, kisha yakaja maelezo kwamba hakumaanisha hivyo. Desemba 2024 Kabudi akapewa wizara ya habari. Hapo kuna swali ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uandishi angeliuliza akiwa usingizini. Sijalisikia likiulizwa.

Nikiri pia kwamba tulipewa pumzi. Aprili 2021 Rais Samia aliagiza vyombo vilivyofungiwa vifunguliwe, na Februari 2022 Nape yuleyule, karudishwa uwaziri, akarudisha leseni za magazeti manne. Tulifurahi, na ilistahili. Tatizo ni kwamba tulishukuru kupita kiasi. Tarehe 3 Mei 2022, siku ya uhuru wa vyombo vya habari, mgeni rasmi kule Arusha alikuwa Rais, na sisi wenye siku yetu tukapanga mstari wa kupiga naye picha. Haki iliyorudishwa tukaipokea kama zawadi ya sikukuu, na mwenye kutoa zawadi humtazama usoni aliyepewa. Oktoba 2024 Mwananchi walirusha mtandaoni katuni inayosogea juu ya watu waliopotea. Leseni zao za mtandaoni zikasimamishwa siku 30. Septemba 2025 JamiiForums wakapewa siku 90. Wangapi kati ya waliopiga picha Arusha waliandika tahariri ya kuwatetea?

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa. Jioni Dar es Salaam ikatangaziwa amri ya kutotoka nje. Kariakoo, ambayo hata usiku wa manane huwa na mtu anayeshusha mzigo, ilinyamaza kiasi cha kusikia mbwa. Nilikuwa kwa ndugu, mtaa wa jirani wa Gerezani, milango imefungwa, tukisikia milio ambayo hatukuweza kuitafsiri. Tukawasha televisheni, tukazunguka stesheni zetu moja baada ya nyingine, tukaizima. Shangazi yangu aliyeko Muscat alipiga simu ya kawaida, analia, akatueleza alichokiona kwenye runinga za huko. Tulikuwa Gerezani tukimuuliza mtu wa Muscat kuna nini Gerezani. Siku tatu baadaye Tume ya Uchaguzi ikatangaza ushindi wa Rais Samia wa asilimia 97.66, na hilo tulitangaziwa vizuri, kwa muziki.

Nawajua baadhi ya waliokuwa zamu siku zile. Waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe nilikuwa chini ya dirisha. Ila woga wa siku tano haujengwi siku moja. Ulitanguliwa na miaka ya kubaki kidogo.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walituacha zamani. Tarehe 15 Mei 2023 walifunga maduka. Malalamiko yao juu ya kamatakamata za kodi na utitiri wa tozo yalikuwa kwenye kila kijiwe kwa miaka, hayakuhitaji mpelelezi. Walipofunga, Waziri Mkuu Majaliwa alishuka mwenyewe, na tarehe 17 wakakutana Mnazi Mmoja, juani, na muuza vitenge akashika kipaza sauti akasema mbele ya mawaziri yaliyomkaa kooni. Watu walimsikiliza hadi jioni. Mimi nilisikiliza nikiwa na uchungu wa kitaaluma: ili mtu huyu awe habari kwa mdomo wake mwenyewe, ilibidi Kariakoo nzima ishushe milango.

Nirudi kwenye meza ya Msimbazi. Magazeti ambayo hayakununuliwa hurudishwa, na ya zamani mengine huuzwa kwa kilo. Wanaoyanunua ni wauza karanga na wauza maandazi, wanaofungia. Nimewahi kufungiwa vitumbua kwa habari yangu mwenyewe. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye jina langu.

Kijana uliyeajiriwa juzi, au hujaajiriwa na unalipwa kwa habari, nakuomba jambo dogo. Mkutano ujao wakisema waandishi mbaki kidogo, wewe funga daftari utoke, na uliyoyaandika yote yaingie. Nauli usiiwaze. Kutoka hoteli za Posta hadi Kariakoo ni nusu saa kwa miguu.